Mimea ya Bi Kalpana

Kulikuwa na njia mbili za kumaliza suala la njiwa. Ya kwanza ilikuwa kupanda ngazi, kubisha mlango wa flati ya juu na kumwambia Bi Kalpana kwamba ndege anaowalisha kila asubuhi wanachafua nguo zilizoanikwa kwenye roshani ya chini yake. Ya pili ilikuwa kwenda kwenye kibanda cha simu na kulalamika kaunsili, yaani halmashauri ya mji iliyomiliki jengo. Bi Sheikha alizaliwa na kulelewa Unguja, na katika malezi yake kumwambia jirani kosa lake usoni kulikuwa utovu mkubwa zaidi wa adabu kuliko kumshtaki. Alichagua simu.

Jina alikataa kulitaja. Namba ya flati inayochafuliwa aliitaja, kwa sababu aliulizwa.

Malalamiko yenyewe yalikuwa ya haki. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo Sheikha anayafuata, mavi ya njiwa ni najisi, na nguo ya kusalia iliyodondokewa lazima ifuliwe upya. Kiangazi kile cha mwaka 1976 mvua ilikatika London kwa wiki nyingi, nyasi za mtaa wao wa Thamesmead ziligeuka rangi ya katani, na serikali ilikuwa ikiwaomba watu wabane matumizi ya maji. Kufua kanga zile zile mara mbili kwa siku hakukuwa jambo dogo.

Upande wa Kalpana nao ulikuwa na haki yake. Alikuwa Mhindu, mjane, naye pia mzaliwa wa Unguja, mitaa michache tu kutoka kwa kina Sheikha, ingawa walikuja kufahamiana huku. Alifika mwaka 1971 kutoka Dar es Salaam pamoja na mwanawe, Vijay, ambaye sasa alikuwa karani wa benki na ndiye mwenye jina kwenye mkataba wa flati. Kulisha ndege kwa Kalpana ilikuwa ibada. Alifanya hivyo kwa ajili ya marehemu mumewe, na hakuwa tayari kuacha kwa sababu ya kubadilisha nchi.

Siku chache baada ya simu ile, Sheikha alipanda juu kurudisha bakuli. Kalpana alikuwa amelileta na dengu. Sheikha alilirudisha na mandazi yasiyo na yai, kwa kuwa bakuli la jirani halirudishwi tupu na Kalpana hali yai. Alimkuta roshani, kainama juu ya vyungu vinne vikubwa, akivimwagilia maji aliyooshea mchele. Katika kila chungu ulisimama mmea wa kijani kibichi, mmoja ukimfika kifuani, wenye majani yaliyogawanyika kama vidole vyembamba vyenye meno pembeni.

Sheikha aliweka bakuli chini.

"Kalpana."

"Naam, shoga."

"Hii bangi."

"Bangi," Kalpana alikubali, kwa fahari. "Nzuri, eh? Mara yangu ya kwanza kuotesha. Huko nyumbani ililetwa imekaushwa tayari, siku ya Shivaratri, wanaume wanaisaga na maziwa na lozi, wanakunywa, wanaimba kwa Mungu mpaka asubuhi. Marehemu alikuwa anaimba vibaya sana."

"Umeipata wapi?"

"Imekuja yenyewe. Chakula cha njiwa. Kimemwagikia kwenye kotmiri yangu, nikaona kitu kinaota si kotmiri. Nikakipa chungu chake."

Alisema kweli. Mchanganyiko wa mbegu uliouzwa madukani kwa ajili ya ndege siku zile ulikuwa na mbegu za bangi ndani yake, na mara nyingi zilikuwa bado hai. Ilikuwa aina inayolimwa kwa ajili ya kamba na mafuta, na ulevi wake ni mdogo mno. Hakuna hata mmoja kati ya wanawake wale aliyejua hivyo, na polisi nao wasingejali tofauti hiyo.

"Vijay anajua?"

"Vijay anajua hesabu. Kaniuliza, nikamwambia majani ya dawa."

"Shoga, hapa ni jela hii."

"Jela gani! Wanaiuza wenyewe dukani, kwenye mfuko una picha ya ndege. Serikali ikuuzie mbegu halafu ikufunge zikiota?"

Kalpana alifuta mikono, akamwonyesha kadi iliyotoka kaunsili. Ilisema ofisa angekuja Alhamisi asubuhi kukagua roshani.

"Mashindano ya roshani," Kalpana alisema. "Yule mama wa ghorofa ya chini kabisa alishinda mwaka jana kwa maua yake, akapewa kikombe. Sasa wameniona mimi. Nitaondoa bakuli la njiwa, nitapiga deki, na hii mirefu nitaiweka mbele kabisa, aione akifungua mlango tu."

Sheikha alishuka ngazi taratibu. Nyumbani mumewe Matar, aliyefanya kazi ya usiku kwenye kiwanda cha mikate, alikuwa amelala, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumwambia. Hali ilikuwa hivi: ofisa anakuja kwa sababu yake, ofisa akifika atapokewa na bangi mlangoni, Vijay atapoteza flati na pengine kazi ya benki, na mama yake atapelekwa mahakamani akiwa amevaa sari yake nzuri, akidhani anakwenda kuchukua kikombe.

Alirudi kwenye kibanda cha simu na kuomba kufuta malalamiko. Aliambiwa malalamiko yakishaingia hayafutwi, na kwamba ofisa angefurahi kuonana naye ana kwa ana. Alikata simu.

Kumwambia Kalpana ukweli bado kulikuwa kunawezekana. Sheikha alilifikiria hilo kwa muda mrefu, kisha Alhamisi asubuhi akapanda juu na kumwambia uongo.

"Nimeuliza. Kwenye mashindano mimea mirefu haitakiwi. Inaziba madirisha. Wanakutoa hapo hapo."

Kalpana alitazama mimea yake. "Hata huu?"

"Huo hasa. Tuishushe kwangu mpaka aondoke."

"Itapata mshtuko. Mmea haupendi kuhamishwahamishwa."

"Kalpana, nakuomba."

Tatizo la kwanza lilikuwa ngazi, ambazo kila mtu wa jengo alizitumia kwa kuwa lifti ilikuwa mbovu. Sheikha alikwenda kutoa buibui lake la zamani sandukuni, lile alilokuja nalo, akauvika ule mmea mrefu kutoka juu mpaka kwenye chungu. Mitatu mifupi waliifunga kanga. Walishuka hatua kwa hatua, kila mmoja akikumbatia chungu, na katika safari ya mwisho, ya ule mrefu, walikutana na mzee mmoja Mwingereza akipanda na gazeti lake. Akajibana ukutani awapishe. Alimwamkia Kalpana, akamwamkia Sheikha, kisha kwa heshima akainamisha kichwa kwa yule wa tatu, ambaye hakujibu.

"Mgeni kutoka nyumbani," Sheikha alimwambia kwa Kiingereza. "Mgonjwa."

Kalpana alicheka mpaka nusura aangushe upande wake wa chungu.

Mimea iliingizwa bafuni na kusimamishwa ndani ya hodhi la kuogea. Mlango ukafungwa. Kalpana akarudi kwake kusubiri kikombe.

Ofisa alifika kwa wakati. Alikuwa kijana mwembamba mwenye tai, na jua lilikuwa limemchoma shingo. Sheikha aliitwa juu kutafsiri, kwa sababu Vijay alikuwa kazini na Kalpana alisema hajui Kiingereza. Ofisa alitazama roshani iliyopigwa deki, akaona bakuli tupu nyuma ya mlango na njiwa wawili juu ya ukuta wakisubiri chakula chao.

"Mwambie," alisema, "kwamba kulisha ndege hapa hakuruhusiwi. Kuna mtu amelalamika."

Sheikha alimgeukia Kalpana. "Anasema roshani safi sana. Ila njiwa wanapunguza alama."

"Mwulize nimekuwa wa ngapi."

"Anauliza kama akiacha, mambo yataisha," Sheikha alimwambia ofisa.

"Yataisha. Ila lazima nione uharibifu kwanza." Ofisa alisoma namba kwenye karatasi yake, akanyoosha kidole sakafuni. "Flati ya chini. Bibi aliyepiga simu kuhusu njiwa. Unamfahamu?"

Sheikha alisema anamfahamu kidogo.

"Kasemaje?" Kalpana aliuliza.

"Anataka kuona roshani yangu. Ya kulinganisha."

Kalpana alivaa viatu vyake akafuatana nao, kwa kuwa mgeni aliyeingia nyumbani mwake husindikizwa mpaka anakokwenda, awe wa kaunsili au wa harusi.

Kwa Sheikha, ofisa alikwenda moja kwa moja roshani. Alikagua ukuta, akakagua kamba ya nguo, akashika chuma cha kuegemea kisha akatazama kiganja chake. Kilikuwa cheupe.

"Ni kweli kabisa, bibi," alimwambia Sheikha. "Ulifanya vizuri kupiga simu. Naweza kunawa?"

"Jikoni," Sheikha alisema haraka. "Jikoni, tafadhali, huku."

Lakini Kalpana alikuwa karibu zaidi na ukumbi. Alitazama mikono ya mgeni, akatazama uso wa jirani yake, na kwa upole wote wa mwenyeji akaufungua mlango wa bafuni na kumkaribisha kwa mkono.

Ofisa aliingia. Sheikha alibaki ukumbini akisikiliza. Bomba halikufunguliwa. Ilisikika sauti ya kanga ikivutwa.

"Bibi," ofisa aliita. "Hii ni nini?"

Sheikha alikwenda akasimama mlangoni. Ofisa alikuwa ameinama juu ya hodhi, kidole chake kikiwa chini ya jani. Ule mmea mrefu ulikuwa bado na buibui lake.

"Mboga," Sheikha alisema. "Ya huyu mama. Ya kwao."

"Ya kwao," ofisa alirudia. Aligeuza jani, akatazama upande wa chini, kama mtu anayetazama kitu anachokielewa. "Baba yangu analima nyanya. Ingekuwa yeye angelia. Unaona hapa yanavyoanza kunyauka? Mmea hauishi bafuni, bibi. Haupati mwanga. Na huu umeufunika kabisa!"

"Njiwa," Sheikha alisema. Ndilo neno pekee lililomjia.

"Njiwa hawaji tena. Toa hivi vyote uviweke roshani kwako. Jua lako ni zuri kuliko la juu. Na maji ya kuogea usiyamwage, vipe vyungu." Alinawa mikono, akaikausha kwa leso yake mwenyewe, akaaga. Kama aliutambua mmea ule, hakusema. Siku ile alikuja kwa kazi ya njiwa na kazi ya njiwa ilikuwa imekwisha.

Mlango wa mbele ulipofungwa, Sheikha alikaa kwenye kiti cha ukumbini.

"Kwa nini umemfungulia bafuni, Kalpana?"

"Mgeni alitaka kunawa."

"Angetukamata!"

"Angekukamata wewe. Kwangu mimi kuna nini? Bakuli tupu." Kalpana alivuta kiti kingine akakaa mbele yake. "Shoga, mimi Kiingereza sijui. Lakini nimeishi na Vijay na televisheni miaka mitano. 'Pijini' nimeisikia. 'Telefoni' nimeisikia. Na nimemwona anakushukuru wewe."

Chumbani Matar alikoroma.

"Tangu lini wanakuchafulia?" Kalpana aliuliza.

"Tangu Aprili."

"Aprili! Na dengu zangu unakula, na mandazi unaniletea. Ungesema, 'Kalpana, njiwa wako wananinyea.' Maneno manne."

"Niliona haya."

"Kwangu uone haya, kwa kaunsili usione!"

Sheikha alisema samahani, mara moja, kwa sauti ya chini. Kalpana aliitafakari samahani ile kama anayepima kitambaa dukani.

"Njiwa nitawalisha ziwani," alisema mwishoni. "Kuna nafasi, na mabata nao watapata. Marehemu hatajali wapi. Lakini mimea inabaki kwako."

"Kwangu? Kalpana, mimi mtu wa kusali!"

"Na mimi nisali na nini Shivaratri? Umesikia mwenyewe, jua lako zuri. Mwezi wa tisa nitakuja kuvuna. Asubuhi maji, jioni maji, ukigeuza vyungu kila siku visilale upande mmoja. Na majani ya chini yakianza manjano niite."

"Matar akiuliza?"

"Mwambie mboga. Ya kwao," Kalpana alisema, maneno yale yale ambayo Sheikha alimwambia ofisa kwa Kiingereza.

Alinyanyuka, akaenda bafuni kuulegeza mmea mrefu vifungo vya buibui, akiusemesha kwa Kigujarati. Walivitoa vyungu roshani pamoja bila kusema mengi. Kalpana alivipanga mwenyewe, akavipanga tena, akarudi nyuma kutazama, kisha akaenda zake juu kupika, na kabla ya kufunga mlango alisema Ijumaa ataleta mchuzi wa mtindi uitwao kadhi, Sheikha asipike.

Jioni joto lilipopungua, Sheikha alichota maji ya kuogea kwa kopo akatoka roshani. Alianza na ule mrefu, kwa kuwa ndio uliosumbuka zaidi. Kwa mazoea alisema bismillahi. Akasita, kopo likiwa limeinamishwa nusu, akafikiri kama neno lile lilifaa mahali pale. Udongo ulikuwa mkavu. Akamwaga maji, akageuza chungu robo mzunguko kuelekea jua linakotua, akauendea wa pili.