Tuta la Kushoto

Shule zilipofungwa na basi la wanafunzi kuegeshwa, dereva wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Kapteni, alitangaza nyumbani kwamba mwaka huu mboga hazitanunuliwa sokoni. Hakuanza na jembe, alianza na karatasi. Aligeuza kalenda ya mwaka uliopita akachora uwanja wa nyuma kwa rula: njia katikati, ya kupitisha toroli, tuta kulia, tuta kushoto, nyanya sentimita sitini mche hadi mche, kabichi arobaini na tano, vitunguu kumi, na mchicha pembeni usije ukatiwa kivuli. Mchoro ulipendeza, tuseme ukweli. Aliubandika kwenye mlango wa jiko, na kwa siku mbili hakuna aliyepita hapo bila kuhutubiwa habari za nafasi.

"Haya, Kapteni," mkewe alikuwa akisema, kisha anaendelea kuchambua mchele.

Kitu ambacho Kapteni hakukichora popote ni jicho lake la kushoto. Lilikuwa limeingia ukungu tangu mwaka jana, kama kioo cha bafuni mtu akishaoga maji ya moto, na ukungu ulikuwa unazidi. Hakumwambia mtu. Baba yake mzazi alianza hivyo hivyo. Presha ya macho ikamla taratibu, jicho moja kisha la pili, mpaka akawa wa kushikwa mkono kwenda chooni. Aliyekuwa akimshika mkono ni Kapteni mwenyewe, enzi za ujana wake. Kwa hiyo aliamua kutojua. Kioo cha pembeni cha basi kilipokwaruza nguzo ya lango la shule kwa mara ya pili, alimlaumu fundi aliyejenga lango. Sasa wewe mwulize mtu mzima mwenye akili zake kwa nini anabeba watoto arobaini kwa jicho moja, uone kama atakupa jibu. Woga alikuwa nao, na ulimfanya mjinga.

Alipanda kwa siku tatu. Alichuchumaa katikati ya njia na kijiti chake cha kupimia, akitoboa shimo kulia, shimo kushoto, kisha anasogea mbele. Alipomaliza alijipongeza mwenyewe, maana hakukuwa na mwingine karibu.

Siku ya nne akaja mama mkwe, bila kutoa taarifa. Alikuwa amelima mboga maisha yake yote, na Kapteni, anayebishana na kila mtu hadi trafiki, mbele ya mama mkwe huwa mpole kuliko maji ya mtungini. Alimwonyesha mchoro kwanza, kisha akampeleka uani.

Mama mkwe alitazama tuta la kulia akasema ni kazi safi. Akaligeukia la kushoto. Kabichi mbili zilikuwa zimebanana shimo moja. Zilifuatiwa na pengo la kumtosha mtu kulala, kisha nyanya tatu zimekumbatiana, na mstari mzima ulikuwa umekwenda pogo. Pembeni kabisa, upande wa ukuta, ukanda mrefu wa udongo ulikuwa mtupu. Kapteni alikuwa bado anaeleza ubora wa sentimita sitini.

Mama mkwe hakubishana naye. Alizunguka akasimama kushoto kwake na kumnyooshea bilauri ya maji aliyokaribishwa nayo. Kapteni akaendelea kuhutubia. Bilauri ilikaa hewani. Mama akaisogeza mpaka karibu na bega lake, na hotuba haikukatika.

"Baba," mama mkwe akasema polepole, "hilo jicho la kushoto limeacha kuona tangu lini?"

Kwa mkewe angesema ni vumbi. Kwa msimamizi wa magari ya shule angesema ni uchovu. Kwa mama mkwe uongo ulimgomea. Alikaa chini palepale njiani, na udongo wake, akasema ni mwaka mmoja na miezi kadhaa. Akaeleza habari za baba yake, akaeleza na ya nguzo ya lango. Mama mkwe alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema macho ni yake na akitaka kuyaficha ni shauri lake, lakini wale watoto wana wazazi wao.

"Kesho asubuhi unarudisha funguo za basi," alisema. "Ukitoka hapo, hospitali. Na mkeo unamwambia leo hii."

Mkewe aliambiwa jioni ile ile. Hakuuliza swali hata moja. Alimtazama mumewe kwa muda mrefu, kwa jinsi ambayo Kapteni hakuielewa, akasema tu kwamba watakwenda wote.

Msimamizi wa magari alizipokea funguo, akazizungusha kidoleni, akasema atatafuta dereva wa muda, ila angependa kuyasikia haya kabla ya nguzo. Alikuwa na haki. Kapteni alitoka pale anajisikia mwepesi kidogo na ameumia sana, vyote kwa pamoja. Njia nzima hadi hospitali alikuwa anamwona baba yake akipapasa ukuta.

Alitiwa matone, akasomeshwa herufi, akawekewa kidevu kwenye mashine. Daktari, binti wa umri wa mdogo wake wa mwisho, aliandika, akapima tena, akaandika tena.

"Presha ya macho yako iko sawa," daktari akasema. "Yote mawili."

Kapteni aliomba aambiwe tena, na daktari, Mungu ambariki, akarudia bila kukasirika. Kushoto kulikuwa na mtoto wa jicho. Anatolewa kwa upasuaji mdogo, mtu anarudi kulala kwake, na baada ya wiki kadhaa wataona kama anaweza kurudi kwenye usukani. Kwa kuwa ugonjwa wa baba ulikuwa kwenye ukoo, atapimwa kila mwaka. Lakini kwa vipimo vya leo, dalili zake hakuna.

Kapteni alicheka kwa sauti kama mtu aliyetekenywa. Alimshukuru daktari, akaishukuru mashine, nusura aishukuru na kalenda ya ukutani. Mwaka mzima alikuwa amebeba gunia kichwani, na sasa shingo haikujua ifanye nini na raha ile.

Alimkuta mkewe kwenye benchi la nje, akammwagia habari zote kwa pumzi moja. Mkewe akajifunika uso kwa mtandio akalia, mabega yakamtikisika. Kapteni akaanza kumtuliza: upasuaji wenyewe ni mdogo, haumi, wanatia ganzi.

"Silii upasuaji," mkewe alisema. "Nilidhani una mwanamke."

"Mwanamke gani?"

"Mwezi uliopita sokoni ulinipita, nimesimama na kapu langu, hatua mbili tu. Nikakupungia mkono, ukapita kama hunijui. Nyumbani nakaa pembeni yako, hugeuki. Nikasema basi, mwenzangu kashanichoka. Nikamwita mama aje anichukue." Alifuta pua. "Tangu jana nahesabu. Kila mara nilikuwa upande wa kushoto."

Kapteni alikaa naye kwenye benchi. Miezi yote ile alikuwa akiogopa kupoteza macho, kumbe kilichokuwa kinaondoka ni mke.

"Sikukuona," alisema. "Naapa, mke wangu, sikukuona."

"Daktari ameshakutetea," mkewe akajibu, na safari hii alikuwa anacheka na machozi yake.

Waliporudi, mama mkwe alikuwa uani. Alikuwa ameing'oa miche yote ya tuta la kushoto na kuilaza kwenye gunia bichi. Hakumwangalia mkwewe, alimwangalia binti yake.

"Ni jicho, mama," binti akasema. "Ni jicho tu."

Mama mkwe alishusha pumzi ndefu, akaenda kuchukua kamba ya kunyooshea mistari. Ncha moja alimpa Kapteni.

"Shika hapo, usiachie," alimwambia. "Nafasi atapima mkeo."