Transista Aliyebaki

Fundi alifungua skrubu nane za mgongo wa amplifaya, akaziweka kwenye kifuniko cha chupa zisipotee, akamwita Besi, mwenye amplifaya, aje aone. Transista mbili zilikaa bega kwa bega kwenye bati. Moja ilikuwa na ufa. Fundi aliigusa kwa mita, mshale haukutikisika.

"Huyu amekufa," alisema. "Na hawa hufanya kazi wawili wawili. Mmoja anasukuma, mwenzake anavuta. Akifa mmoja tunang'oa wote."

"Huyu mzima ana kosa gani?"

"Hana kosa. Ila nikimwacha na mgeni, atamwita mwenzake aliyekufa. Mwezi uliopita kuna mwalimu nilimwachia mzima kama huyu kwenye redio yake. Sasa marehemu mkewe ndiye anayemsomea taarifa ya habari, tena kwa kukosoa."

"Mwache," Besi alisema.

Fundi aliguna, kwa kuwa hapendi kazi za viraka, lakini akalehemu transista mpya kando ya yule wa zamani na kurudisha skrubu zote nane.

Besi na Solo walikuwa pacha. Majina ya magitaa yao yaliwaganda tangu ujana, na wote wawili walichomeka kwenye amplifaya hiyo hiyo, tundu la kushoto na la kulia. Miaka mitatu iliyopita Solo alilazwa kwa homa, siku ambayo walitakiwa wapige harusini. Akamfukuza mwenzake pale kitandani. "Nenda kapige, tusiwaharibie watu shughuli yao. Mimi kesho natoka." Besi akaenda, akazima simu kama wapigaji wote wanavyozima. Alipoiwasha, saa kumi na moja jioni, hakuwa pacha tena.

Mama yao hakumuuliza kitu, wala hakumsemesha tangu maziko. Waliishi nyumba moja. Chakula kikiiva mama alimwambia paka, na Besi akasikia. Miaka mitatu amekula kwa hisani ya paka. Watu walimwambia atazoea. Azoee nini, jamani? Kilimuuma kila siku kama kimetokea asubuhi ile. Alichotaka ni kimoja tu: Solo amwambie mama kwamba yeye ndiye aliyemtuma.

Adhuhuri amplifaya ilikuwa juu ya stuli sebuleni. Besi alichomeka gitaa lake, akapiga uzi wa juu, ule mnene. Spika ikakohoa, kisha ikaja sauti ya Solo, safi, ila kama mwenye mafua kidogo.

"Mama."

Mama alikuwa anakunja mashuka. Akaliweka chini lile la mkononi, akavuta kiti.

"Umechelewa," alisema.

"Nilikuwa nimekatika."

"Umekula?"

"Sina njaa, mama. Nisikilize. Siku ile Besi hakunitoroka. Mimi ndiye niliyemfukuza aende harusini. Alikataa mara mbili."

Besi alimtazama mama, kidole kwenye uzi.

"Najua," mama alisema. "Nesi aliniambia siku ile ile. Alikuwa anabadilisha dripu, akawasikia."

"Sasa mbona humsemeshi?"

Mama alifuta vumbi kwenye kitambaa cha spika kwa upindo wa nguo yake, taratibu, pembe hadi pembe.

"Ana uso wako," alisema. "Tuyaache hayo, mwanangu. Niambie, huko unalala wapi?"

Solo akaanza kueleza. Besi aligundua kwamba uzi ukinyamaza na sauti ya ndugu yake hufifia, kwa hiyo akapiga tena, na tena. Alilia waziwazi, kilio cha mtu mzima chenye kamasi, na machozi yakadondokea gitaa bila kuleta shoti yoyote. Solo alieleza kuhusu baridi, kuhusu watu aliowakuta. Mama alicheka mahali fulani. Besi alikuwa amesahau kicheko hicho kilivyo, akapiga hatua mbili mbele ili akione vizuri usoni mwake.

Mama aliinua macho, akamtazama yeye.

"Sogea," alimwambia. "Unaziba spika."

Besi akasogea hadi ukutani, pale waya ulipofika, akaendelea kupiga.