Kipimo cha Lado

Balbina alikuwa amechoka tangu kabla hajanyanyuka kitandani, na uchovu wenyewe haukuwa wa mgongo. Kesho asubuhi gari la kujazia chupa lingepanda hadi kijijini kwao, hapa Ribeiro kwenye mabonde ya mizabibu, na likishapita halirudi mpaka mwezi mwingine, joto likiwa limeshaanza kuichezea divai. Kwa hiyo leo, apende asipende, lazima achanganye divai ya mwaka huu. Na pua yake ilikuwa imekufa.

Ilikufa Januari, kwa homa. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Miaka thelathini na minane amechanganya peke yake, pale pale kwenye meza ya jikoni, na Eladio, mumewe, kazi yake ilikuwa kubeba na kuosha. Akithubutu kusogeza uso kwenye glasi, Balbina humwambia pua hiyo alipewa ili miwani isianguke.

Kwao, divai nyeupe ya zabibu za aina moja ni kazi ya wavivu. Zabibu ya Treixadura ndiyo inayobeba, kwa harufu yake ya maua, ile ya Godello huinenepesha, na Lado, zabibu kali za kishamba alizoachiwa na mama yake, hutiwa mwisho, tena kidogo tu. Vipimo havifanani mwaka hadi mwaka, maana mvua nazo hazifanani. Hapo ndipo pua inapotakiwa, na hapo ndipo Balbina alipokaa saa nzima mbele ya glasi tano, kila moja na mchanganyiko wake wa majaribio, akinusa hewa tupu.

Aliwaza kurudia vipimo vya mwaka jana. Nani angejua? Kila aliyewahi kuinywa angejua, nalo hilo la kuuliza! Akajichukia kwa kuliwaza.

Eladio akaingia na jagi la mwisho kutoka ghalani, akalitua mezani.

"Kaa," Balbina akamwambia. "Sisikii harufu. Tangu Januari."

"Najua."

"Unajua nini wewe?"

"Mama, nimekula dengu zilizoungua mara nne. Mara ya nne ukaniuliza kama uniongezee."

Angecheka, lau angekuwa na nguvu. Badala yake alikasirika, kwamba mtu huyu amekula makaa miezi yote hii, kimya. Akamsukumia glasi zote. Eladio akanusa polepole, kwa haya, akaenda mbele, akarudi nyuma, mwisho akashika ya pili.

"Hii."

Balbina akaangalia alama aliyoiandika chini ya glasi. Haikuwa na Lado hata tone.

"Hiyo si divai yetu."

"Ndiyo ninayoipenda siku zote. Nakunywa mabaki yako nikiosha vyombo. Hukuwahi kuniuliza."

Neno hilo lilimchoma. Akainyakua glasi akanywa. Hakuna ua, hakuna tunda. Lakini ulimi haukufa pamoja na pua, na ulimi ulimwambia divai hii imelala, imepoa kinywani kama uji wa jana. Akaonja tena, asije akawa anajidanganya. Imelala kweli. Akachukua Lado akadondoshea, akaonja, akadondoshea tena, mpaka mate yakamjaa.

"Harufu chukua wewe," akasema. "Ukali ni wangu."

Eladio akaonja, akakunja uso, akasema imezidi. Balbina akasema haijazidi. Wakavutana hapo hadi mchuzi wa kabeji wa chakula cha mchana ukapoa jikoni, yeye akipunguza tone, mumewe akikubali tone, kila mmoja akihisi ameibiwa. Mwisho Eladio akanusa kwa muda mrefu, na safari hii hakuukunja uso.

Balbina akaegemea kiti. Alikuwa hoi, miguu, mikono, mpaka kope, na machozi yalimtoka bila yeye kujisumbua kuyafuta.

"Haya," akasema. "Niambie inanukaje."

Akasubiri jibu la mumewe, jambo ambalo katika miaka thelathini na minane hakuwahi kulifanya.