Kilomita Nne na Mita Mia Nane

Saa moja na nusu asubuhi, mpima barabara wa hifadhi alipangusa tope kwenye gurudumu lake la kupimia, akarudisha namba kwenye sifuri, akalisukuma kutoka kituo cha basi cha langoni hadi kijijini alikozaliwa. Zikatoka kilomita nne na mita mia nane, zilezile za ramani. Akaandika, kisha akaingia kibandani kwa kaka yake, fundi viatu.

"Umepata ngapi?"

"Nne nukta nane."

"Hongera." Fundi aligeuza kiatu alichokuwa akikishona. Soli ilikuwa imelika hadi uzi. "Cha mwalimu hiki. Mwezi jana tu nilikitia soli mpya. Dada yangu mdogo, ramani inaweza kudanganya. Soli itadanganya ili ipate nini?"

Tangu mwanzo wa mwaka pikipiki zilikuwa zimepigwa marufuku hifadhini kwa ajili ya moshi na kelele, na badala yake yakaletwa mabasi ya umeme. Yalikuwa mabasi mazuri. Swala hawakuinua hata vichwa yalipopita. Yalipeleka wageni kwenye maporomoko na kuwarudisha, yakipita mbele ya kijiji bila kusimama, maana kanuni ilitoa kituo kwa kijiji kilicho zaidi ya kilomita tano kutoka kituo cha karibu. Fundi alitakiwa hospitali ya mjini kila Jumanne na Ijumaa kusafishwa damu, kwa kuwa figo zake zilikuwa zimegoma. Ijumaa iliyopita alifika langoni basi limekwisha kuondoka. Sasa miguu yake ilikuwa imevimba.

Jumanne mpima alimsindikiza, akisukuma gurudumu kwa mazoea tu. Daraja, ambalo lilikuwa kwenye kilomita ya pili, lilikuja kwenye ya nne. Barabara haikuwa imepinda wala kuvutika. Ilikuwa ndefu tu.

"Na leo imetuonea haya," fundi alisema, akihema, "kwa sababu tuko na mtu wa serikali."

Walifika kwa kilomita tisa na mita mia tatu. Basi lilikuwa limeondoka.

Mpima hakuwa mtu wa kuamini namba moja. Alikagua gurudumu, likawa zima. Alipima na mwalimu: nane nukta moja. Alipima na mgeni aliyesimama kila hatua kupiga ndege picha: nne nukta nane. Alipima na mjamzito wa miezi minane: kumi na moja nukta sita.

"Andika vizuri, shangazi," mjamzito alimwambia. "Nikijifungulia njiani, angalau mtoto ajue ni kilomita ya ngapi."

Mkuu wa usafiri aliisoma ripoti mara mbili.

"Gurudumu ni zima?"

"Ni zima, mzee."

"Basi ni kweli." Akaifunga. "Lakini kanuni inasema umbali wa barabara. Barabara ni nne nukta nane. Hizo nyingine ni za watembeaji."

"Barabara bila mtembeaji ni ya nini?"

"Ndiyo maana tukaleta mabasi."

"Hayasimami."

"Hayasimami kwa sababu ni nne nukta nane."

Kamati ya usafiri iliyapokea matokeo kwa kauli moja. Katika fomu za hifadhi iliongezwa safu mpya, "Umbali wa Mwenyeji", na mpima akapewa kazi ya kuijaza kila mwezi.

Ijumaa yeye na kaka yake waliondoka mapema zaidi. Kwenye kilomita ya kumi fundi aliketi ukingoni mwa barabara. Lango lilikuwa linaonekana, hata maandishi yake.

"Bado ngapi?"

"Sita," mpima alisema. Hakuwahi kumdanganya.

Basi likawapita kimya, nusu ya viti vikiwa vitupu, likasimama langoni kuchukua wengine.

"Mwenda pole hajikwai," fundi alisema, "ila na basi hapandi. Kimbia, uwaombe."

Mpima alikimbia na gurudumu lake. Alifika baada ya mita mia nne.

"Nisubirie abiria mmoja," alimwambia dereva, kijana wa palepale kijijini. "Ni mgonjwa. Yule pale."

Dereva alimtazama fundi kwenye kioo, kwa makini, kama mtu anayekadiria.

"Dada, yule ni wa kilomita sita."

"Najua."

"Na mimi naondoka saa tatu." Akashusha sauti. "Mimi mwenyewe siku hizi nalala hapahapa langoni. Nyumbani hapafikiki."

Mpima aligeuka. Kaka yake alikuwa amesimama tena na alikuwa akija. Mguu wa kulia, mguu wa kushoto, bila kupumzika. Alionekana vizuri kabisa, hata vifungo vya shati. Hakuwa akikaribia.

Saa tatu kamili milango ikajifunga, basi likaondoka bila moshi.