Oringi ya Kahawia

Dada alifyatua gobore, akalishusha, akafunika jicho la kulia kwa kiganja. Nikamkimbilia. Alipoondoa mkono, jicho lilikuwepo, jekundu, kope zimejikunja kwa kubabuka.

"Moshi tu huo," alisema Baba. "Baruti isiyotoa moshi ni unga."

Tulikuwa uani, nyuma ya karakana yake. Kesho yake dada alikuwa akashindane kulenga shabaha kwa bunduki hiyo, na sote tulijua ni ya mwisho Baba kuitengeneza; mikono ilikwishaanza kumtetemeka, nasi tukajitia hatuoni. Gobore hushindiliwa baruti kwa mdomoni, lakini bunduki hii aliipa kizibo cha kufungua nyuma ya mtutu ili isafishike kwa urahisi. Hapo kwenye hesi za kizibo, mifuo yake ya kukazia, ndipo gesi ya moto ilipopenya, karibu kabisa na uso wa dada.

Mimi ni fundi wa pampu za maji. Kuvuja ndiko kunakonilisha. Nikaenda garini, nikarudi na boksi la oringi, zile pete za mpira za kuzibia maungio.

"Bunduki si bomba la choo," Baba aliguna.

"Kuvuja ni kuvuja, Baba."

Tuliifunga bunduki kwenye benchi, tukasimamisha karatasi nyeupe nyuma ya kizibo, tukajibanza ukutani na kufyatua kwa kamba. Oringi nyeusi iliyeyuka mara moja, karatasi ikaungua. Nyekundu, laini kama ulimi, ilichanwa na hesi hata kabla ya kufyatua. Ikabaki ya kahawia, ya injini, isiyojali joto. Lakini ilikuwa nene. Kizibo kiligoma njiani, pakabaki mwanya wa kupitisha ukucha.

"Kimekaza. Inatosha," alisema Baba.

"Hakijafika mwisho."

"Nilianza kutengeneza bunduki wewe hujazaliwa!" Akaifungua kutoka kwenye benchi, akanyoosha mkono kuchukua baruti. "Nitaifyatua mwenyewe, muone."

Hakuna aliyewahi kumnyang'anya Baba kitu mkononi. Dada akaushika mtutu.

"Jicho ni lako, Baba. Lakini tutakaokuongoza njia ni sisi."

Wakabaki hivyo, kila mmoja ameng'ang'ania upande wake. Baba sasa hayupo, miaka imekwenda, na bado nikikaza kizibo cha pampu huwaona walivyoishikilia. Mwishowe vidole vyake vikalegea.

"Haya, fundi choo," aliniambia bila kunitazama. "Chagua."

Nikachambua boksi mpaka nikapata ya kahawia iliyo nyembamba. Nikaipaka grisi, nikakaza. Kizibo kikazama chote, chuma kikagusa chuma. Tukaifunga tena kwenye benchi, tukavuta kamba, karatasi ikabaki nyeupe. Tukarudia, ikabaki nyeupe.

Dada akaifungua bunduki, akaiweka begani. Baba akaenda kusimama ubavuni pake, upande ule ule gesi ilikokuwa ikitokea, akainama mpaka uso ukakaribia kizibo. Nilifungua mdomo nimzuie.

"Si umechagua?" alisema. "Basi."

Mlio ukagonga kuta. Moshi ukatoka mbele, wote mbele. Dada akamgeukia Baba, Baba akamgeukia dada, wakawa wanachunguzana macho. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kutazama shabaha.