Mavumbi na Mdudu

Mwaka ule wa sitini na moja, katika kanisa letu dogo la Lubuye, ilifika siku ambapo hakuna mtu aliyetaka kuketi mbele. Mambo yalianza na hubiri la Pasta Télesphore. Alitufundisha juu ya maisha yanayompendeza Mungu, akasema Mungu humtazama kwa furaha mtu anayechagua nafasi ya chini wakati ya juu ingali wazi. Alisema vizuri sana. Tatizo ni kwamba Papa Ignace na Papa Omer walikuwa wanasikiliza.

Papa Ignace alikuwa shefu wa gare, mkuu wa stesheni ya treni. Wabelgiji walipoondoka kwa haraka, yeye, aliyekuwa akipeperusha bendera kando ya reli, alipewa kofia, filimbi, na nyumba ya matofali juu ya kilima, yenye vyumba vinne na baraza inayotazama ziwa. Papa Omer alikuwa karani wa bandari. Mke wake alikuwa amefariki zamani, naye aliishi peke yake katika nyumba ya chumba kimoja na sebule karibu na maghala. Wote wawili walikuwa wazee wa kanisa, na watu waliwaheshimu. Kila mmoja aliamini kimoyomoyo kwamba Mungu anampenda mwenzake pia, lakini kwa kiasi.

Jumapili iliyofuata Papa Ignace, mwenye benchi lake la mbele tangu kanisa lijengwe, alikwenda kuketi benchi la mwisho, pembeni kabisa. Papa Omer alipoingia akamkuta pale, alisimama akafikiri, kisha akaketi sakafuni nyuma ya benchi hilo. Wiki iliyofuata tulimkuta Papa Ignace nje, kwenye ngazi, anasikiliza ibada kupitia mlangoni. Papa Omer alimsalimia kwa upole, akampita, akaenda kusimama juani mahali tulipoegesha baiskeli.

Sisi wengine tukaanza kuogopa kuonekana wenye kiburi. Tukajisogeza nyuma, leo benchi moja, kesho jingine, mpaka Pasta Télesphore akawa anahubiria mbao tupu, na kwa kuwa tulikuwa mbali ilimbidi apaze sauti kama mtu anayeita mtumbwi urudi.

Mama Hélène, mke wa Papa Ignace, ndiye peke yake aliyebaki mbele. Pasta alimwuliza baada ya ibada kwa nini hakurudi nyuma kama wenzake.

"Pasta, nilikuja kusikia," akajibu. "Kule nyuma wanaangaliana tu."

Basi ndipo vita vya kwenye njia ya reli kuelekea Nyunzu vilipotuletea watu. Treni iliingia asubuhi moja ikiwa imejaa akina mama na watoto, wenye vyungu, kuku, na mikeka iliyofungwa kwa kamba za magome. Waliokuwa na ndugu mjini walichukuliwa na ndugu zao. Waliobaki waligawanywa kwa makanisa, na sisi tukapata kundi la wanawake kutoka vijiji vya upande wa Niemba. Mkubwa wao alikuwa mama mmoja mjamzito aliyeitwa Claudine. Waume zao wengine walikuwa wamebaki nyuma. Habari za wengine hatukuuliza.

Pasta aliwakalisha kanisani, akatuita wote, akauliza nani ana nafasi nyumbani. Vichwa vyote viligeuka kuelekea kilimani, kwenye ile nyumba ya vyumba vinne.

Papa Ignace alisimama. Aliivua kofia yake ya gare, akaishika kifuani.

"Pasta," alisema, "mimi ni mavumbi tu. Wageni hawa njo wageni wa Mungu. Muntu asiyestahili kama mimi atawapokea namna gani? Tuwapeleke kwa Papa Omer. Yeye njo mwenye moyo safi kati yetu."

Papa Omer naye alisimama, akainamisha kichwa chini zaidi ya mwenzake.

"Hapana, ndugu yangu Ignace. Wewe ukisema ni mavumbi, mimi nitasema nini? Mimi ni mududu. Mududu hawezi kupokea wageni mbele ya muntu wa Mungu kama wewe."

"Unanipandisha bure, Papa Omer."

"Ni wewe unajishusha bure, Papa Ignace."

Waliendelea hivyo, kila mmoja akimsifu mwenzake kwa maneno mazuri sana, na watoto wakikohoa kwenye mikeka. Mama Claudine alikuwa akiwatazama kwa zamu, huyu na huyu, kama mtu anayetazama wavuvi wakibishania wavu huku samaki wanatoka. Mwishowe Mama Hélène akanyanyuka kutoka benchi la mbele.

"Pasta, nimesikia," alisema. "Bwana yangu ni mavumbi, na Papa Omer ni mududu. Tangu Mungu aumbe dunia, mududu anakaa mu mavumbi na hatujasikia wamegombana. Basi waende wakae pamoja kwa Papa Omer. Mie nitabaki na hawa wamama na watoto kule juu. Tena si vizuri mwanaume mumoja kukaa katikati ya wanawake wengi namna hii."

Mtu mmoja huko nyuma akacheka puani, na kicheko kikapita benchi kwa benchi. Papa Ignace alimtazama Pasta apate msaada, lakini Pasta alikuwa anachunguza mabati ya dari kwa makini. Ili kukataa, ingebidi Papa Ignace aseme mbele ya kanisa kwamba yeye si mavumbi. Jua lilipoanza kuteremka, naye aliteremka kilima na sanduku lake mkononi.

Nyumbani kwa Papa Omer kulikuwa na kitanda kimoja. Kwa watu wa kawaida jambo hilo lingekwisha mara moja, lakini hawa walikuwa watu wa nafasi ya chini.

"Wewe ni mugeni, lala kitandani," alisema Papa Omer.

"Nyumba ni yako. Mimi mukeka unanitosha."

"Mukeka ni wa mwenye nyumba."

Wakaishia wote wawili kwenye mkeka, bega kwa bega, na kitanda kikakaa kitupu na shuka lake safi. Mezani ilikuwa vilevile. Kila mmoja alimsukumia mwenzake kichwa cha samaki na kujichukulia mkia. Kichwa kilizunguka meza mpaka ugali wa bukari ukapoa, na paka wa ghala akajifunza kuja saa ile ile. Sala ya kabla ya chakula ilikuwa haina mwisho, maana hakuna aliyetaka kusema amina wa kwanza. Asubuhi walipigania kuosha sahani, na sahani moja ikavunjika, na kila mmoja akaomba kosa liwe lake. Fundi mashua aliyekaa ng'ambo ya ukuta alitwambia kwamba hajawahi kusikia watu wawili wakiombana msamaha kwa hasira kiasi kile.

Hali hiyo ilidumu mpaka homa ilipomwangusha Papa Omer.

Ilianza kwa baridi. Adhuhuri Papa Ignace alirudi kutoka gare akamkuta anatetemeka kwenye mkeka, meno yanagongana, midomo imekauka. Wazo lake la kwanza lilikuwa kumwita Mama Hélène. Alifika mpaka mlangoni. Kisha akakumbuka kwamba Mama Hélène ana nyumba nzima ya watoto wanaoumwa kifua, akarudi, akavua koti.

Alimnyanyua Papa Omer na kumlaza kitandani, akaenda zahanati akarudi na dawa ya kinini. Akajaribu kupika uji, ukaungua, akapika mwingine, ukawa na mabonge, akamlisha huo huo kwa kijiko akiyaponda mabonge pembeni ya bakuli. Papa Omer alitapika juu ya shuka, juu ya sakafu, na kidogo juu ya shefu wa gare. Papa Ignace akapangusa. Alimwaga ndoo, akaiosha, akairudisha. Kesho yake akafanya hivyo tena, kabla ya treni na baada ya treni. Jambo la ajabu ni kwamba hakumwambia mtu yeyote. Si kwamba alikuwa anaficha. Alikuwa amechoka, na hakupata nafasi ya kujiangalia.

Alasiri moja homa ilipolegea, Papa Omer alifumbua macho, akatazama boriti.

"Ignace," alisema, bila Papa, "nikuambie kitu?"

"Sema."

"Hiki kitanda, nilikitaka tangu siku ya kwanza. Mugongo wangu unaniuma sana kwa huo mukeka. Kila asubuhi nilikuwa ninakuchukia."

Papa Ignace aliweka bakuli chini. Uso wake ulikuwa mgumu kidogo, halafu ukalegea.

"Na mimi sipendi mukia wa samaki," alisema. "Hauna nyama. Nilikuwa ninamuangalia yule paka anakula kichwa, ninasikia kulia."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Wewe kwa nini hukusema?"

Wakaanza kucheka. Papa Omer alicheka mpaka kikohozi kikamshika, na Papa Ignace akampiga mgongoni, akicheka bado. Kisha, kwa kuwa njia ilikuwa imefunguka, waliambiana na mengine. Papa Omer alisema kwamba kule kusimama kwenye jua karibu na baiskeli, hakusikia hata neno moja la hubiri. Alikuwa anahesabu nani amemwona. Papa Ignace alilisogeza bakuli pembeni, kisha akasema la kwake.

"Ile siku ya wageni, nyumba yangu ilikuwa na nafasi. Nilijua. Nilikuwa ninaogopa wataharibu viti vya baraza."

Papa Omer hakumhukumu. Alisema tu, "Mimi nilikuwa ninaogopa watakula ndagala wangu, samaki wadogo wote niliokausha," na wakacheka tena, lakini mara hii kidogo.

Tangu hapo nyumba ile ilikuwa na kelele za kawaida. Mmoja akitaka kitanda alisema, na wakalala kwa zamu. Fundi mashua alisema sasa wanagombana vizuri, kama ndugu, na yeye anapata usingizi.

Pasta Télesphore alipokuja kumwona mgonjwa alimkuta Papa Ignace uani, suruali imekunjwa mpaka magotini, anakamua shuka. Pasta alifungua kinywa. Tulimjua, lile shuka lingekuwa hubiri zima.

"Pasta, usiseme kitu," Papa Ignace alimwambia. "Shika huku, nikamue huku. Ni nzito."

Pasta akashika. Wakalikamua shuka mpaka likaacha kutiririka, wakalianika, na hubiri halikuwepo.

Katika siku hizo hizo Mama Claudine alijifungua mtoto wa kike, kule kilimani, katika chumba ambacho Papa Ignace alikuwa anawekea magazeti yake. Mama Hélène aliteremka mwenyewe kutuletea habari, na akamwambia mume wake aje kumwona mtoto.

Alipopanda, baraza yake hakuitambua. Viti viwili vilikuwa vimevunjika miguu na vimefungwa kwa kamba, nepi zilianikwa juu ya bendera za zamani za reli, na wanawake walikuwa wanatwanga sombe, majani ya muhogo, mahali alipozoea kunywea kahawa. Mama Claudine alikuwa ameketi kwenye mkeka, mtoto mapajani.

"Papa," alisema, "sisi hatuna kitu cha kukupa. Tulisema mutoto huyu tutamuita kwa jina lako, Ignacia, juu ya vile wewe ulitupa nyumba yako kwa moyo wote, ukaenda kulala mahali padogo. Utakubali?"

Papa Ignace alifurahi. Tulioandamana naye tuliona furaha ikipanda kutoka shingoni hadi masikioni. Jina lake, kwa mtoto, mbele ya watu. Alimtazama Mama Hélène, naye Mama Hélène alikuwa anachambua sombe, wala hakuinua kichwa. Asingeifunua siri yake. Angemwacha achague mwenyewe.

Akavua kofia.

"Mama Claudine," alisema, "mimi sikutoa nyumba. Nilifukuzwa. Siku ile nilikuwa ninatafuta maneno mazuri ya kuwafungia mulango. Mwenye kutoa ni huyu." Akamwonyesha mke wake kwa kidevu. "Mutoto aitwe Hélène."

Mama Claudine alimkodolea macho, kisha akaanza kutabasamu polepole.

"Tulijua, Papa," alisema. "Tulikuwa pale kanisani. Lakini tulisema, labda tukimupa jina, ataona haya atatengeneza vile viti."

Hata Mama Hélène alishindwa kujizuia. Alicheka mpaka sombe ikamwagika, akakaa akipangusa macho kwa pembe ya kitenge. Wanawake wote wakacheka, na Papa Ignace akajikuta anacheka kicheko ambacho hakukipanga, huku uso bado unamwaka.

Mtoto akaitwa Hélène. Wakampa Papa Ignace ampakate. Alimshika kwa mikono iliyonyooka, kama mtu aliyepewa taa inayowaka, na mtoto akamtazama kwa macho yasiyojali vyeo, kisha akamkojolea koti lote la sare, kuanzia vifungo vya shaba kwenda chini.

Filimbi ya treni ya Kabalo ilikuwa inasikika tayari upande wa mto. Hakukuwa na muda wa kubadili. Papa Ignace alimrudisha mtoto kwa mama yake, akaweka kofia, akateremka kilima kwa haraka. Alisimama kwenye jukwaa akapokea treni, koti likinuka jua na mkojo. Afisa mmoja aliyeshuka kutoka behewa la kwanza alirudi nyuma kidogo, akamwuliza shefu wa gare amepatwa na nini.

"Ni mutoto wetu wa nyumbani," alijibu Papa Ignace, akapiga filimbi.