Fungate ya Usingizi

Semeni alikuwa fundi wa nguo za harusi pale Nguvumali, Tanga. Aliwashonea wenzake miaka na miaka, mpaka majirani wakaanza kumuuliza kwa kicheko cha pembeni gauni lake atashona lini. Siku yake ilipofika alilishona mwenyewe, na shela akaitia lulu moja moja kwa mkono.

Mume alikuwa Massoud, Mpemba wa Wete aliyekuwa akifanya kazi ghalani Maskati. Binamu yake Semeni, Khairat, aliyeolewa Pemba, ndiye aliyewakutanisha kwa simu, na kwa miaka miwili wakajuana kwa simu tu. Massoud wa kwenye simu alikuwa bingwa wa maneno. Alimsimulia habari za joto la kule, za msimamizi wao aliyeogopa paka, za mwenzao mmoja aliyekuwa akiimba usingizini. Semeni alikuwa akicheka mpaka dada zake wanampigia ukuta anyamaze.

"Nikija," Massoud alimwambia si mara moja, "nitakupeleka kwetu, kaskazini, ufukweni. Tukae wiki nzima sisi wawili tu. Hutashika hata kijiko cha kukoroga chai."

Basi akaja kweli. Wakafunga ndoa Ijumaa, nyumba ikajaa vigelegele na sinia za pilau, na baada ya siku mbili wakavuka kwa boti kwenda Pemba. Walilala kwa mama mkwe usiku mmoja, asubuhi teksi ikawachukua hadi kwenye hoteli ndogo iliyojificha nyuma ya miti ya mikadi: vibanda vichache vya makuti, kila kimoja na baraza yake, na mbele yake mchanga mweupe usio na mtu.

Massoud alivua viatu, akatazama kitanda.

"Ngoja nijinyooshe kidogo," akasema.

Alilala mpaka alasiri. Akaamka, akatawadha, akasali, akala wali na samaki bila kuinua sana kichwa, akasema, "Alhamdulillahi, chakula kizuri," akarudi kitandani. Semeni alidhani ni uchovu wa safari. Kesho yake ikawa vilevile. Mwanamume aliamka kwa sala na kwa chakula. Kilichobaki chote kilikuwa usingizi, na si usingizi wa kupepesa, bali usingizi mzito wa mtu aliyetupwa. Akimwita, aliitikia "Naam" bila kufumbua macho, kisha pumzi ikarudi mahali pake.

Semeni alikuwa amefundwa. Bibi Zuleha, kungwi wake, alimkalisha chumbani siku nyingi akamfunza kila kitu: udi unavyofukizwa, mume anavyopokewa, maneno ya kumwambia akiwa na hasira, maneno ya kumwambia akiwa na furaha. Habari ya mume anayelala fungate nzima haikutajwa.

Akawa anakaa barazani peke yake. Hina ilikuwa bado nyeusi mikononi, nguo mpya zimejaa sanduku, na hapakuwa na mtu wa kumwonyesha. Asubuhi alivaa dera la kijani alilolitia nakshi kifuani. Aliyelisifia ni Mudathir, mhudumu wa hoteli, naye kwa adabu tu, akiweka birika la chai. "Na bwana, nimletee chai yake?" akauliza. "Mwache, amepumzika," Semeni akajibu, na Mudathir akaondoa kikombe cha pili.

Kwao hakuwahi kukaa peke yake hata nusu saa. Chumba alilala na dada zake, mchana cherehani ilizungukwa na wateja na wapiga soga, na hata bafuni kulikuwa na mtu anayegonga mlango. Hapa aliweza kusikia jani la mkadi likianguka. Alijaribu kuongea peke yake kwa sauti ndogo, akaona haya, akanyamaza.

Mama yake alipiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwaonaje huko?"

"Raha tu, mama."

"Na mwenzio?"

"Amelala."

Mama akacheka kile kicheko cha watu wazima. "Haya, haya. Mwache alale, amechoka baba wa watu." Akakata simu akiendelea kucheka, na Semeni akabaki ameishika simu. Uso ulimchoma. Haya aliyoona haikutokana na yale mama aliyoyadhani, bali na kwamba hayakuwa kweli.

Kila siku maji yalipokupwa, wanawake wa kijiji cha jirani walishuka pwani kwenye mashamba yao ya mwani. Semeni aliwaona kwa mbali wameinama, kanga zimefungwa viunoni, na upepo ulipogeuka alisikia vicheko vyao. Siku moja baada ya kifungua kinywa hakuweza tena kuvumilia. Alifunga kanga juu ya dera, akaacha viatu barazani, akatembea kwenye matope ya bahari mpaka alipowafikia.

"Bibi harusi huyo!" mmoja akasema alipoiona hina. "Weye watoka hotelini? Mume umemwacha na nani?"

"Na mto wake," Semeni akajibu, na wote wakaangua kicheko, naye pia. Alishangaa kuisikia sauti yake ilivyokuwa kubwa.

Aliyemsogezea kamba alikuwa mwanamke wa rika lake aitwaye Time. Alimwonyesha namna ya kufunga vipande vya mwani kwenye kamba, na mikono ya fundi ikajua mara moja. Walifunga huku wakiongea. Time alimuuliza mume anafanya kazi gani, na Semeni alipotaja Maskati, Time akaishusha kamba.

"Wangu yuko Sohar, huko huko Omani," akasema. "Tangu mtoto wetu wa kwanza hajatambaa. Sasa asoma Kurani."

"Huja?"

"Huja. Miaka miwili, mitatu, huja mwezi mmoja. Nyumba ametujengea, ya bati, masha Allah, sina la kusema." Akakaza fundo kwa meno. "Akija hulala. Watoto nawaambia wasipige kelele, baba amelala. Akishaanza kuzoea kukaa macho, ndege yake imefika."

Time hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani. Ndiyo maana habari ile ikamwingia Semeni. Alijiona mwenyewe amekaa kwenye nyumba ya bati, akiwanyamazisha watoto.

Maji yalipoanza kujaa alirudi. Alikuwa bado mbali alipomwona Massoud akija mbio ufukweni, fulana kaivaa nje ndani, miguu peku.

"Ulikuwa wapi?" Alikuwa anahema. "Nimeamka hupo. Nimemuuliza Mudathir hajui. Viatu vyako viko barazani, bahari iko mbele... Semeni, ulikuwa wapi?"

"Kwa watu," akasema. "Nimekwenda kuongea na watu."

Massoud akakaa chini mchangani palepale, na Semeni naye akakaa, akiacha nafasi kati yao.

"Yule niliyekuwa naongea naye kwenye simu yuko wapi?" Semeni akauliza. "Yule aliyekuwa ananichekesha. Mimi niliolewa na yule."

Massoud alichora mchanga kwa kidole. Alipoanza kusema, alisema polepole, kwa sauti ambayo Semeni hakuwahi kuisikia simuni.

"Kule chumbani tuko wengi. Kitanda tunapokezana. Nikitoka zamu, mwenzangu anainuka, nalala penye joto lake, na bado watu wanapika, wanagombana, wanapiga simu kwao. Silali, Semeni. Miaka yote hii silali. Ndiyo maana nikawa nakupigia. Maneno yale nilikuwa nayasema nisije nikarukwa na akili." Akaifuta michoro kwa kiganja. "Hapa nikikusikia unapita barazani, usingizi unanichukua. Kwangu mimi nilikuwa nawe muda wote."

"Mimi sikuwa nawe," Semeni akasema.

Hakusema kwa ukali. Alimhurumia, na huruma ile haikumwondolea upweke wake. Vyote viwili vilikaa pamoja kifuani, vikibanana. Akasogea mpaka mabega yakagusana.

"Mkataba wako ukiisha, usitie saini tena," akamwambia.

"Nitaona."

"Usiseme utaona. Rudi, tutakula tutakachopata. Na kama utasaini, niambie kabla hujasaini, nami nijue langu la kufanya."

Massoud aliitazama bahari. "Nimesikia," akasema.

Siku zilizobaki alijitahidi. Alikaa naye barazani, macho yakimfumba katikati ya sentensi, akajipiga shavu na kuomba radhi. Walitembea mpaka mwisho wa ufukwe, akamwonyesha mwamba aliokuwa akijirusha baharini kutoka juu yake utotoni. Mazungumzo yalikuja kwa vipande, yakakatika, yakaja tena. Jioni moja Semeni alimhadithia juu ya bibi harusi aliyenenepa wiki ya harusi mpaka gauni likakataa kupanda, na Massoud akacheka mpaka akakohoa. Kwa muda ule walikuwa mke na mume. Kisha fungate ikaisha, na likizo ya Massoud nayo.

Massoud aliondokea uwanja wa ndege wa Pemba kwenda Unguja, na kutoka huko kwenda Maskati. Semeni alipanda boti ya Tanga peke yake. Bandarini alipokewa na mdogo wake, Nasri; nyumbani akapokewa na mama, dada na majirani, kila mmoja na swali lake. Akagawa halua, akajibu wote kwamba kulikuwa kuzuri.

Usiku ule ule wa mwanzo simu ikaita. Nyuma ya sauti ya Massoud kulikuwa na makelele ya wanaume na sufuria. Alikuwa mchangamfu. Alimsimulia juu ya mzee mmoja uwanja wa ndege aliyekataa kuvua kofia wakati wa ukaguzi, akiiga sauti yake, na hadithi ilikuwa ya kuchekesha kweli. Semeni alikuwa amejilaza kwenye kitanda kipya walichonunuliwa wawili. Alimwacha amalize.

"Massoud," akasema, "huna haja ya kunichekesha leo. Kama umechoka, weka simu karibu, ulale. Mimi nitakaa nikikusikia."

Makelele ya sufuria yaliendelea. Baada ya muda akasikia pumzi yake ikishuka, ikiwa nzito, kisha mtu akamwita kwa jina upande ule, kwa sauti ya kuamrisha, kwamba zamu imefika, na simu ikakatika.